Kikombe Ambacho Nadine Hakukionja

Mama Dezire, mwizi we,

Usicheke mwandiko. Wewe ndiye ulinifundisha, kwa kipande cha mkaa, kwenye ubao wa sanduku la ndagala, dagaa wetu wakavu, siku zile soko lilipokuwa bovu na kazi yetu ni kufukuza nzi tu. Mi shuleni sikuingia hata kuomba maji, unajua. Nikigeuza herufi ulikuwa unanipiga vidole. "We mama muzima, samaki unawajua kwa harufu, herufi moja inakushinda?" Sasa nimekaa mezani kwa mjukuu wangu Ines, kalamu inanitoa jasho, na mtu pekee ambaye ningetaka anipige vidole yuko chini ya udongo.

Kesho tunaganduka. Mwaka umetimia, kilio chako kinamalizwa. Watu watakuja, watakunywa, watasema ya kusema, na kuanzia keshokutwa mtu akikulilia ataambiwa anaita mikosi. Ndiyo desturi, sikatai. Lakini nina maneno ya kukuambia kabla hawajafunga, kwa sababu kesho wanataka kufunga na mlango wa Nadine, mkwe wako.

Ngoja nianze na sokoni. Nisipoanza na sokoni hutasikiliza mengine.

Mahali pako wameweka msichana anauza mabeseni ya plastiki. Si mbaya. Ana heshima mpaka inaudhi. Kila neno ndiyo Mama, asante Mama. Siku moja nilimwambia mabeseni yake yanafanana na kichwa chake, makubwa na hayana kitu ndani. Akasema, pole Mama. Pole! Wewe ungenijibu mpaka wanunuzi waache kuchagua samaki wasimame kutusikiliza. Nimekaa karibu naye mwaka mzima na sijatukanwa hata mara moja. Soko lote la Mutakura linapiga kelele, na mimi nasikia kimya. Mchana nikifungua chakula bado naukata muhogo vipande viwili. Kimoja kinarudi nyumbani kimekauka.

Sasa niseme yale ya moyo wako.

Unakumbuka ulivyoanza kuanguka? Mara ya kwanza ulianguka juu ya ndagala zangu. Nilikutukana kwanza, ndipo nikaona macho yamegeuka. Hospitali wakasema moyo wako unapiga pole mno, unasahau, kama mtu anayebisha mlango huku anaomba usifunguliwe. Wakakuwekea ile betri. Kitu kidogo kama kiberiti, chini ya ngozi, hapa chini ya mfupa wa bega la kushoto, na waya mwembamba unaopita ndani ya mshipa mpaka moyoni kuukumbusha kazi yake. Nikakuita Mama Betri tangu siku hiyo. Na wewe ukasema, "Nikikufa mutoe hii kitu, Dezire aweke mu tochi." Mwanao alikasirika. Sisi wawili tulicheka mpaka mwuguzi akatufukuza kwenye korido.

Mwuguzi huyo alikuwa ametukusanya wote, wewe, mimi, Dezire na Nadine. Alisema mkono wa kushoto usipande juu ya bega mpaka waya ushike vizuri ndani. Asiteke maji. Asitwange majani ya sombe. Asibebe kitu kichwani. Akakufunga kitambaa shingoni, mkono ukalala ndani yake kama mtoto. Alitaja kazi zote za mwanamke. Kucheza hakukutaja. Na nani anafikiria kumkataza bibi mgonjwa asicheze?

Halafu ikaja harusi ya Ines.

Ulikuja na imvutano yako ya kijani, vazi letu la sherehe, na kile kitambaa shingoni kinaharibu urembo wote, nilikuambia. Wazee wakaanza wimbo. Sasa sisi tunacheza na mikono, miguu inafuata tu. Mikono inapanda na kufunguka kama pembe za ng'ombe, na anayejua pembe zake hazitikisiki. Ulifungua kitambaa, ukakitupa mapajani mwangu, ukasema, "Nishikie uyu mutoto." Ukasimama. Mkono wa kulia ulipanda. Wa kushoto ukaufuata, polepole, kama ng'ombe anainua kichwa akitoka kunywa maji. Kisha hema lote likapasuka kwa shangwe. Dezire alipiga makofi. Perpetua, wifi yako, yule mwenye uso wa limau, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mi viganja viliniwasha mpaka kesho yake. Sijawahi kuona mwanamke wa umri wetu akiwa mrefu hivyo.

Ulirudi kukaa unahema, unacheka, ukasema koo limekauka. Nadine akakuletea kikombe cha pombe ya ndizi.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, Mama Dezire. Kikombe hicho. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Unamwona anameza, ndipo unapokea, ndipo unajua kikombe hakina ubaya. Nadine ni mulokole, tangu kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, pombe haijagusa ulimi wake. Alikupa kwa mikono miwili, amepiga magoti, kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Hakuonja. Wewe ukakipiga chote bila kupumua, ukafuta mdomo, ukamwambia, "Asante, mwanangu, Yesu wako amekosa kitu kizuri." Ulimaliza hapo. Lakini Perpetua aliona.

Kesho yake kwikwi ikakushika.

Nani angeogopa kwikwi? Nilikufanyia kile tunachofanya, nilikushtaki wizi ili ushtuke ikuache. Mbele ya wanunuzi nikapaza sauti, umeiba ndagala za nani? Na wewe, kwikwi, ukajibu, "Za kwako," kwikwi, "na bado nitarudi." Soko zima likacheka. Kesho yake tena, na kesho yake. Watoto wakaanza kukuita Bibi Kwikwi. Tukakunywesha maji ukiwa umeinama, tukakubana pua, nikakutia sukari chini ya ulimi. Haikwenda.

Mi nilikuwa nakaa karibu yako, nikasikia kitu. Haikuja ovyo kama kwikwi ya mtu aliyeshiba. Ilikuja kwa mpigo, sawa sawa, kama mtu anatwanga. Nikakuambia. Ukasema nimezoea kusikiliza vinu. Tukaenda kwa daktari, na yeye akatazama pale kwikwi inapokaa, tumboni. Akakupaka yale mafuta baridi, akapitisha mashine yake ya ekografi, ile inayotazama ndani ya mtu. Ini safi, figo safi, tumbo safi, Mama. Akashika mkono wako, akahesabu mapigo, akasema betri inafanya kazi vizuri. Na ni kweli ilikuwa inafanya kazi, mpaka leo simwiti mwongo. Tulirudi na chupa ya dawa ya tumbo, tumefurahi.

Kisha pumzi ikaanza kukupungukia. Mishipa ya shingo ikavimba kama kamba. Ukawa hulali chini, unakaa tu umeegemea ukuta. Tukakurudisha hospitali, mimi na Nadine, beseni na shuka na chupa ya chai. Wakakupiga picha ya kifua. Wakasema ile ekografi ya moyo ina daktari wake na siku hiyo hayupo, tungoje. Tukangoja kwenye benchi, bahasha ya picha mapajani mwa Nadine, haijafunguliwa. Ulinishika kitenge ukanivuta. Nikadhani unataka kuniambia neno kubwa. Ukasema, "Nenda ufunike ndagala, mvua inakuja."

Nikaenda. Mvua haikuja. Niliporudi Nadine alikuwa amesimama katikati ya korido na chupa ya chai mkononi, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

Hata hatujakuzika, Perpetua alishauliza. Alipewa kikombe na nani? Alionja? Swali likatembea kutoka kilioni mpaka jikoni, likarudi limekuwa jibu. Kwikwi ilianza baada ya kikombe. Mwenye kikombe hakuonja. Mwenye kikombe si wa hapa. Basi.

Mwaka huu wote hakuna mtu mzima aliyekula kutoka mkononi mwake. Anapika, chungu kinakaa. Dezire anakula mishikaki barabarani kama mtu asiye na mke. Wanaokula ni watoto tu, na Perpetua akija anawanusa midomo. Nadine amekonda, nguo zinamvaa yeye. Huwa naenda kula kwake makusudi, mchana kweupe, mlango wazi, na napiga domo ili jirani wasikie ninavyotafuna. Lakini mi si wa ukoo, ninahesabiwa kama kelele. Wameshakubaliana. Kesho, watu wakishatawanyika, atavuka mpaka arudi kwao na begi lake. Watoto watatu wanabaki, ni wa ukoo. Yule mdogo bado halali mpaka ashike sikio la mama yake. Nimewauliza, kesho usiku atashika la nani?

Siku walipomwambia afungashe, alinijia na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa nyuma ya kabati lako, ile picha waliyokupiga baada ya kuwekewa betri. Ya pili ndiyo ile ya benchi. Ilirudi nyumbani pamoja na beseni, na hakuna mtu aliyeifungua. Nadine akaniambia, "Mama, hizi ni za mama mukwe. Nisipokuwepo watazichoma." Hakuomba kitu kingine. Huyo ndiye muuaji wao.

Nikavaa viatu vya kanisani nikaenda mjini, Rohero, kwa daktari ambaye kazi yake ni kusoma picha tu. Kijana, miwani, mikono safi kuliko sahani zangu. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia yuko makaburini lakini ana swali. Alinitazama. Kisha akafunga mlango, akaziweka zote mbili kwenye kioo chenye taa, moja kando ya nyingine.

Mama Dezire, nimekuona ndani. Mbavu zako nyembamba kama za ndagala. Nilitaka kukucheka, nikageuka nikutafute.

Kwenye picha ya kwanza waya unashuka vizuri, unapinda, unalala ndani ya moyo kama mtu aliyefika kwake. Kwenye ya pili ncha yake imepita ukingo. Imetoka nje. Si mbali, unene wa kidole. Na moyo wenyewe umekuwa mpana kama kibuyu. Akanieleza pole pole, na nilipomwambia rudia akarudia. Waya ulitoboa ukuta wa moyo. Nje yake ukawa unagusa ile nyama pana iliyo kati ya kifua na tumbo, ndiyo inayovuta kwikwi. Kila betri ilipopiga, kwikwi. Ndiyo maana ilikuwa na mpigo. Na pale waya ulipopita damu ilivuja kidogo kidogo, ikajaa kwenye mfuko unaofunika moyo, mpaka moyo ukakosa nafasi ya kufunguka. Wangekupitishia ile mashine kifuani badala ya tumboni wangeiona. Kwa nje ulikuwa bibi mwenye kwikwi.

Nikamwuliza lile nililokwenda kuuliza. Ni mkono? Ni ngoma?

Alivua miwani. Akasema inaweza kuwa mkono ulivuta. Inaweza pia kuwa waya ulikuwa unajitafutia njia tangu siku ya kwanza, kuna wanaotobolewa hawajainua hata kijiko. "Picha inaonyesha waya ulipofika, Mama. Haionyeshi nani aliupeleka." Nikamwuliza, na sumu? Akasema, "Sumu haisukumi waya."

Nilitoka hapo nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Watu wa ofisi walikuwa wananiruka. Nilitaka kukuambia. Huo ndio upumbavu wa mambo haya, Mama Dezire, habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na mwenye kuambiwa ni wewe.

Nikaenda kwa Dezire, pale mtaa wa Asiatique kwenye duka lake la vipuri. Nikamwekea picha mbili juu ya kaunta kati ya mafilta na mikanda. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Hakuzitazama. Akasema, "Mama Konso, sumu haionekani mu picha." Nikamwambia waya unaonekana. Akasema watu wenye sumu wana ujanja. Nikamwambia waya hauna ujanja, na kwikwi ya mama yako ilikuwa na mpigo, ungekaa naye ungeisikia. Hapo akainua kichwa. Uso wake ulikuwa ule wa utotoni, ule aliokuwa nao akivunja kitu chako. Akasema, sauti chini, wateja wasisikie, "Kwa hiyo ni ngoma? Ni sisi tuliomupigia makofi?"

Nikaelewa. Mwaka mzima nilikuwa namwona mjinga, kumbe alikuwa anajificha. Sumu ina mtu mmoja, unamfungia begi, unamvusha mpaka, umemaliza. Makofi yalikuwa ya hema zima. Perpetua na vigelegele vyake atakwenda wapi? Yeye Dezire atavuka mpaka gani?

Nikamwambia nitakachokuambia na wewe. Mimi siombi msamaha kwa makofi yangu. Daktari mwenyewe hajui kama ni mkono. Na hata kama ni mkono, ulicheza vizuri. Sijui kama ungekubali kuishi ukiwa bibi aliyekaa na kitambaa shingoni wimbo ule ukiimbwa. Nakujua. Ungenichukia nikikushika nguo. Ukiuliza nani alimuua, nilimwambia Dezire, hakuna mtu. Mama yako alikuwa na moyo mchovu na waya mwembamba na furaha kubwa, na mashine ilitazama mahali pengine. Inatosha kulia. Haitoshi kufukuza mtu.

Mteja akaingia akiulizia breki. Dezire akanirudishia picha ya kwanza, ile ambayo waya umelala vizuri. Ya pili aliiteleza chini ya kaunta. Sikumwuliza kwa nini. Kesho nitajua ameileta au ameichoma.

Sasa sikiliza nitakachofanya.

Kesho watakapouliza nani ana neno, Perpetua atakuwa amejitayarisha na koo lake. Mi nitasimama kabla yake. Sitaanza na picha, watu hawalii kwa mbavu za kwenye bahasha. Nitamwita Nadine. Nitamwambia, mwanangu, nasikia kiu, nimiminie pombe ya ndizi, kikombe kile kile cha mama mkwe wako, kijaze. Na usionje. Mbele yao wote nitasema usionje, mwache Yesu wako kwa amani. Nitakipokea kwa mikono miwili na nitakinywa chote nikimtazama Perpetua machoni. Kisha nitaomba kingine. Watu wakishaona nimesimama, bado nina mdomo mkali kama kawaida, ndipo nitawaeleza waya ulivyokwenda, pole pole, na atakayesema rudia nitarudia. Dezire akitoa ile picha, vizuri. Asipoitoa nitachora kwa mkaa ukutani mwake, ulinifundisha.

Na nikimaliza, nitainua mikono. Yote miwili. Mi sina betri. Sitakuwa mrefu kama wewe, pembe zangu zitatikisika, na safari hii hakuna wa kunishikia kitambaa. Lakini Nadine atalala kwake kesho, na yule mdogo atashika sikio analolijua. Hilo nakuahidi kwa jina langu na kwa lako. Wakimfukuza hata baada ya hayo, basi watatufukuza wawili, nami sijui hata Uvira soko liko upande gani.

Nina hofu moja tu, nikuambie wewe maana hakuna mwingine. Pombe ya ndizi inanipa kwikwi. Siku zote. Ulikuwa unanicheka. Kesho ikinishika mbele yao wote watanyamaza, watamtazama Nadine, na mimi nitakuwa peke yangu pale katikati na kikombe kitupu.

Lakini nimeshafikiria. Ikinishika, nitajua ni wewe unaniuliza nimeiba ndagala za nani. Na nitakujibu kwa sauti, wasikie wote.

Za kwako, mwizi we. Na bado nitarudi.

Lala, Mama Betri.

Mama Konso wako